Ushuru wa soko la Kikatiti: Halmashauri imebakiwa na nini mkononi?

MFANYABIASHARA anayefuatilia bei za mahindi, maharage na ndizi mkoani Arusha huangalia mambo mawili kila wiki: bei ya shambani na bei ya jumla katika soko la Kilombero mjini Arusha. Tofauti ya bei hizo mbili wengi huiita faida, lakini ndani yake zimo gharama za gari, makuli, magunia, dalali na mwishowe halmashauri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonung'unikiwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote.

Kikatiti ni mahali pazuri pa kuichunguza gharama hiyo. Kata hiyo ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru imekaa kandokando ya barabara kuu ya Arusha-Moshi, baada ya Maji ya Chai na kabla ya njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Upande wa juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna migomba, kahawa na mboga. Upande wa chini, tambarare, kuna mahindi, maharage na mifugo. Bidhaa za pande zote mbili hukutana barabarani, na mnunuzi akishapakia anaweza kugeuza gari kuelekea Arusha na Namanga, au Moshi na Holili. Soko la Tengeru, lenye siku zake za Jumatano na Sabato ya Jumamosi, ndilo linalotajwa zaidi na wanunuzi wakubwa. Hata hivyo masoko ya ukubwa wa Kikatiti ndiyo yaliyo mengi nchini, na ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi Serikali za Mitaa zinavyoishi.

Zinaishi kwa shida. Halmashauri ya vijijini nchini Tanzania hupata sehemu kubwa kabisa ya fedha zake kutoka Hazina, na nyingi kati ya hizo ni mishahara ya walimu, waganga na watumishi wengine. Fedha ambazo madiwani wanaweza kuzipangia matumizi kwa uhuru kiasi fulani ni zile za vyanzo vya ndani, na kwa halmashauri ya wakulima vyanzo hivyo maana yake ni ushuru wa mazao, ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma na vibali vya hapa na pale. Kwa hiyo gunia linapopita getini bila kulipiwa, anayepungukiwa si "Serikali" kwa jumla. Ni choo cha soko ambacho hakitajengwa, au zahanati ya kijiji ambayo itabaki imeishia kwenye linta.

Kodi iliyowafanya watu wagome

Historia ya halmashauri ni historia ya kupewa na kunyang'anywa. Chini ya mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, halmashauri zilizorithiwa baada ya Uhuru zilifutwa na kazi zao kuchukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Miji ilirudishiwa halmashauri zake mwaka 1978 baada ya huduma kuzorota. Wilaya zilisubiri hadi Bunge lilipopitisha sheria za mwaka 1982, ikiwamo Sheria Namba 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa, na halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984.

Zilianza zikiwa hazina kitu. Chombo kikubwa zilichopewa kilikuwa kodi ya maendeleo, mtoto wa kodi ya kichwa ya wakoloni, iliyotozwa kila mtu mzima. Mkusanyaji aliingia nyumba kwa nyumba, akaweka vizuizi barabarani na kukamata watu siku za soko. Kodi hiyo haikujali kama mtu ameuza au hakuuza, wala kama kahawa imepanda bei au imeanguka.

Kengele ya hatari ililia Arumeru. Mwaka 1998 wananchi wa wilaya hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa na halmashauri moja iliyoijumuisha Kikatiti, waligoma kulipa kodi ya maendeleo. Walitaka kujua fedha zao zinakwenda wapi wakati barabara ni mbovu na huduma ni duni. Wameru hawakuwa wageni wa madai ya aina hiyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa kueleza jinsi watu wake walivyoondolewa katika ardhi ya Engare Nanyuki. Mgomo wa mwaka 1998 ulikuwa wa jambo dogo zaidi, lakini ulifuatiliwa kwa makini na wasomi wa siasa za nchi kwa sababu ulionyesha kitu ambacho wahasibu hawakuwa wamekiandika: kodi isiyorudi kwa mlipaji hufika siku ikakataliwa.

Mwaka 2003 Serikali iliifuta kodi ya maendeleo pamoja na ushuru mwingine mwingi ulioitwa kero. Mwaka uliofuata leseni za biashara ndogo nazo zikaguswa. Uganda ilipitia njia hiyo hiyo ilipositisha kodi yake ya kichwa mwaka 2005. Wananchi walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Halmashauri ziliahidiwa ruzuku ya fidia kutoka Hazina. Tatizo la fidia ni kwamba anayeitoa ndiye anayeamua kiasi chake na siku ya kuileta, na mpango wa kazi wa wilaya unaotegemea hisani ya mwingine hauwezi kuitwa mpango.

Miaka michache baadaye, mwaka 2007, Arumeru iligawanywa kuwa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Meru, hii ya pili ikiwa na makao yake Usa River. Meru ilibaki na Tengeru, Usa River, Kikatiti na mashamba yanayozizunguka sehemu hizo.

Hesabu ya lori moja

Baada ya kodi ya kichwa kuondoka, mzigo ulihamia kwenye mazao. Mfanyabiashara anapaswa kuielewa hesabu yake vizuri, kwa kuwa hapa ndipo anapopoteza fedha au kugombana na watu bila sababu.

Ushuru wa mazao hutozwa kwa asilimia ya bei ya shambani, na kisheria anayepaswa kuulipa ni mnunuzi. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge lilikishusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Wakati huo huo ilipigwa marufuku kutoza ushuru mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Viwango vya namna hii huguswa na Sheria ya Fedha inayopitishwa kila mwaka, hivyo mwenye lori hana budi kuuliza kiwango cha msimu na asitegemee cha mwaka juzi.

Chukua mfano wa mnunuzi aliyepakia magunia 60 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, yaani tani 6, na tuseme kila gunia amelinunua sh. 70,000. Thamani ya mzigo ni sh. 4,200,000. Kwa asilimia 5 ya zamani angelipa sh. 210,000. Kwa asilimia 2 ya mwaka 2017 angelipa sh. 84,000. Mnunuzi amepunguziwa sh. 126,000, nalo ni jambo jema kwake. Halmashauri nayo, kwa lori lile lile na barabara ile ile, imepoteza asilimia 60 ya mapato yake. Ili irudi pale ilipokuwa inahitaji malori mawili na nusu mahali pa moja.

Mnunuzi yule yule akiamua kuachana na lori na kuyachukua mahindi kwa pikapu, magunia kumi kila safari, atakwenda safari sita na hatalipa chochote akiyavusha kuyapeleka halmashauri nyingine, maana kila safari ni tani moja kamili. Kama mafuta ya safari hizo hayazidi sana yale ya lori, na kwa umbali mfupi kama wa Kikatiti hadi wilaya jirani ya Hai huenda yasizidi sana, basi pikapu inaishinda lori. Nia ya msamaha ilikuwa kumlinda mama anayesafirisha mikungu yake michache, na amelindwa kweli. Lakini mwenye mtaji naye amejipenyeza katika tundu hilo hilo.

Kuna tundu la pili, la zamani zaidi, nalo ni lumbesa. Sheria inasema asilimia ya bei, lakini getini hakuna anayepiga asilimia. Mtoza ushuru huhesabu magunia na kuzidisha kwa kiwango kilichokwisha kupangwa. Katika mfano wetu kiwango hicho kingekuwa sh. 1,400 kwa gunia. Mnunuzi akishindilia kilo 130 katika kila gunia, tani zake 6 zitaingia katika magunia kama 46 tu, na atalipa sh. 64,400 badala ya sh. 84,000. Halmashauri imepunjwa karibu sh. 20,000 kwa lori moja. Mkulima kapunjwa zaidi sana, kwa kuwa ameuza kilo 130 kwa bei ya kilo 100. Wakala wa Vipimo anaipinga lumbesa na sheria inaikataza, lakini kitu kinachoilisha ni desturi ya kuhesabu gunia badala ya kilo. Pakiwekwa mzani wa kuaminika sokoni na ushuru ukatozwa kwa kilo, sababu moja kubwa ya kushindilia inaondoka. Kwa halmashauri, mzani unaweza kuwa kitega uchumi cha bei nafuu kuliko geti jingine la kamba na jiwe.

Ndizi na nyanya ni taabu zaidi. Ndizi huhesabiwa kwa mkungu na nyanya kwa tenga, na hakuna mikungu miwili inayofanana. Hapo kiwango hubaki kuwa maelewano kati ya mtoza ushuru na mwenye mali, na palipo na maelewano ya aina hiyo stakabadhi huwa adimu.

Vyanzo vilivyohamia Dodoma

Mtu akisoma mambo haya anaweza kudhani halmashauri zimezembea tu katika kukusanya. Uzembe upo, na ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mwaka hadi mwaka habari za fedha zilizokusanywa na mashine au na mawakala zisifike benki. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni vyanzo na kazi zilizoondolewa mikononi mwa halmashauri katika kipindi kifupi.

Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ni njia rahisi, hakuna wa kuikwepa. Ila kwa eneo kama la Usa River hadi Kikatiti, ambako nyumba za kupanga zinaota kandokando ya barabara kila mwaka, halmashauri imekuwa mtazamaji wa chanzo ambacho kwingineko duniani ndicho uti wa mgongo wa miji inayokua.

Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo kwa wakuu wa mikoa, kila kimoja sh. 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 4 kwa mwaka. Aliyekuwa nacho hakutakiwa kusumbuliwa kwa ushuru mwingine. Mchuuzi wa ndizi na mama lishe walipumua. Sokoni, mapato ya kila siku ya halmashauri yakapungua, huku taka za soko zikibaki zile zile na gari la kuzizoa likihitaji mafuta yale yale.

Kazi nazo zilihama. Barabara za wilaya zilichukuliwa na TARURA mwaka 2017 na maji vijijini yakachukuliwa na RUWASA chini ya sheria ya mwaka 2019. Wataalamu wana hoja nzuri za kuunga mkono mabadiliko hayo, kwa kuwa halmashauri nyingi hazikuwa na wahandisi wa kutosha. Lakini mwananchi hapigi kura ya kumchagua meneja wa TARURA. Anamchagua diwani, na diwani ndiye anayeulizwa kwa nini gari la ndizi limekwama mlimani wakati wa masika, au kwa nini maji ya maeneo haya yana madini ya floridi yanayochakaza meno ya watoto. Jibu lake la kweli, kwamba mambo hayo si yake, halimsaidii yeye wala aliyeuliza.

Kenya ilichagua njia tofauti. Katiba yake ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, na kuzihakikishia si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha zikapatikana, lakini mvutano wa ushuru wa mazao haukwisha: wasafirishaji wamelalamika mara nyingi kwa kutozwa na kaunti zaidi ya moja kwa mzigo mmoja. Mnunuzi wa Nairobi huyaingiza malalamiko hayo katika bei anayomtajia mkulima wa Kikatiti. Na mpaka ukitikisika, ushuru unatikisika pia. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, zuio lililolegezwa kwa masharti siku chache baadaye, masoko yote ya njia ya Namanga na Holili yalikumbushwa kwamba bajeti ya wilaya inaweza kuyumbishwa na barua moja iliyoandikwa nchi nyingine.

Penye nafasi ya kufanya biashara

Pamoja na yote hayo, mwenye mtaji mdogo hapaswi kuitazama halmashauri kama geti la ushuru tu. Kuna mambo matatu ya kuyafuatilia.

La kwanza ni mikopo isiyo na riba. Tangu mwaka 2018 sheria inazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya wakaguzi kukuta vikundi hewa na madeni yasiyolipika, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Msomaji ataona mnyororo wenyewe: ushuru ukivuja getini Kikatiti, fungu la kikundi cha akina mama wa Kikatiti linapungua kwa kiasi hicho hicho. Mwenye kukwepa na mwenye kukopa huenda wanakaa nyumba moja.

La pili ni ardhi na maeneo ya biashara. Barabara ya njia nne iliyojengwa kutoka Sakina iliishia Tengeru, na ukuaji wa mji wa Arusha unasukumwa upande huo wa mashariki, kuelekea KIA. Maegesho ya malori, maghala, vyumba baridi vya mboga, vizimba bora na vyoo vya kulipia ni huduma ambazo soko la barabarani huzihitaji kabla ya kingine chochote. Halmashauri ina ardhi na mamlaka ya kupanga. Mfanyabiashara ana fedha. Mikataba ya ubia katika masoko imewahi kuzaa kesi sehemu mbalimbali nchini pale masharti ya kodi ya vibanda yalipobadilishwa katikati ya mkataba, kwa hiyo anayetaka kujenga kibanda chake kwenye kiwanja cha halmashauri asome kwanza ibara ya muda na ile ya kupandisha kodi.

La tatu linawahusu wanaonunua hisa na hatifungani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikitafuta sh. bilioni 53.12, nayo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam baada ya wawekezaji kutoa zaidi ya kiasi kilichoombwa. Ilikuwa ishara kwamba taasisi ya ngazi ya chini inaweza kukopa moja kwa moja kwa wananchi. Je, halmashauri yenye masoko kama Tengeru na Kikatiti inaweza kufuata? Kwa karatasi, soko lina sifa nzuri: watu hulipa kila siku, na hulipa taslimu. Lakini mamlaka ya maji ina bili na mita, na mteja asiyelipa hukatiwa. Halmashauri ina vyanzo ambavyo tangu mwaka 2003 vimefutwa, vimepunguzwa au kuhamishwa kwa uamuzi wa bajeti ya taifa, mara nyingine bila mwaka mmoja wa kujiandaa. Mwekezaji makini ataiuliza swali hilo kabla ya kuuliza riba. Aidha halmashauri haiwezi kukopa bila idhini ya Waziri, na idhini hiyo haitolewi kama njugu.

Kwa anayeuza na kununua Kikatiti msimu huu, la kufanya ni dogo zaidi. Alipe kwa mashine au kwa namba ya malipo ya Serikali na achukue stakabadhi inayotaja uzito, si idadi ya magunia pekee, kwa kuwa stakabadhi hiyo ndiyo itakayomwokoa kwenye kizuizi cha mbele. Na kama ana hoja kuhusu kiwango, aipeleke kwa wakati wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Viwango vya ushuru huwekwa kwa sheria ndogo ambazo lazima zipate kibali cha Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, hivyo malalamiko ya mwezi Agosti, mahindi yakiwa tayari yamepakiwa, hayabadilishi kitu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi kusomwa hapo. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa mwananchi yeyote kusikiliza, na Usa River ni mwendo mfupi wa daladala kutoka Kikatiti.